Kwa anayekabidhiwa funguo za kituo chetu

Ndugu yangu, ukiombwa kusimamia kituo cha kuwahifadhi makuchu (wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia) hapa Kampala, usianze kwa kuuliza mfadhili ni nani. Uliza hivi: nikikamatwa leo, kesho nani atafungua mlango? Kama hakuna jibu, anzia hapo.

Nilianza kwa kuwakalimania wakimbizi wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili, baadaye nikawa msimamizi wa nyumba. Nimeona vituo vikifa fedha zikiwa bado zipo, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwa mtu mmoja: mkataba wa nyumba, nywila, namba ya wakili, hata habari za nani anameza dawa gani. Huyo akichukuliwa, waliobaki hawajui hata kituo cha polisi cha kumpelekea chakula.

Kwa hiyo gawaneni. Mmoja ashike mambo ya nyumba, mwingine ya kliniki, mwingine ya wakili, na wote watatu wasilale chini ya paa moja. Hili la kulala nalisisitiza kwa sababu ya yaliyotokea Kyengera, nje kidogo ya Kampala. Machi 2020 vijana wetu walikamatwa ndani ya makazi yao, 20 wakashtakiwa kwa kisingizio cha korona, kisha mawakili wakazuiwa kuwaona gerezani. Walikaa ndani kwa takriban siku 50 hadi mashtaka yalipoondolewa. Waliopigania haki yao ya kuonana na wakili, hadi Mahakama Kuu ikakubali kwamba imevunjwa, walikuwa mawakili wa HRAPF, shirika la msaada wa kisheria, watu walio nje. Aliye ndani hawezi kujitetea peke yake.

Namba ya wakili ikaririwe, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Kila anayeingia kituoni ajue pia kwamba Katiba, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na kwamba bondi ya polisi ni bure. Hofu hutufanya tutoe pesa ambazo hatudaiwi.

Mwenye nyumba naye anahitaji maelezo. Sheria ya kupinga ushoga ya 2023 iliwatisha wengi wakafukuza wapangaji, na sitaki kuwalaumu wote, kwani ilikuwa na adhabu kwa anayekodisha. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria hiyo karibu yote, lakini ikafuta vifungu vya kumwadhibu mpangishaji na kile kilichomlazimisha mtu kuripoti wenzake. Wengi bado hawajasikia. Wakili akae na mwenye nyumba, amweleze taratibu. Wewe usiende kubishana naye peke yako, kwa sababu kosa la "kuhamasisha" ushoga bado lipo na kifungo chake kinafika miaka 20.

Majirani msiwaogope kiasi cha kutowasalimia. Mama wa duka na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) wawajue kama wapangaji wanaolipa, wanaofagia, wasiopiga muziki usiku. Siri zenu hazihusiani na salamu.

Anayegonga mlango apewe kwanza chai na pa kukaa. Jina lake halisi halina haja ya kuandikwa daftarini. Namba inatosha kufuatilia dawa zake.

Sasa wewe mwenyewe. Msimamizi naye ni kuchu, naye ana mama anayempigia simu akilia, naye anaogopa pikipiki ikisimama getini. Nimewaona wenzangu wakipokea simu za usiku mwaka mzima bila kupumzika, hadi wakawa wakali kwa watu wale wale waliopaswa kuhudumiwa. Simu ya usiku iwe ya zamu. Mshahara wa msimamizi uwekwe kwenye bajeti, hata uwe mdogo, na mfadhili akiuliza kwa nini, mweleze bila haya.

Na siku ukiondoka, usiache barua tu. Nenda na anayekurithi kwa wakili, kwa nesi, kwa mwenye nyumba, wamwone uso kwa uso ukiwa bado upo. Nywila zibadilishwe siku hiyo hiyo.