Mwanangu, kabla hujashusha bei ya nyumba ya Temboni

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma jana usiku, nikairudia asubuhi baada ya chai, nikaona hii siyo ya kujibu kwa simu maana kwenye simu tutasalimiana weee, tutaulizana watoto wameamkaje, mvua huko imenyesha, afu vocha inaisha hatujasema kitu. Kwahiyo naandika. Ukikuta herufi zimerukaruka ujue ni vidole, na miwani niliikalia juzi.

Umeniuliza kwanini nyumba ina miezi mitano kwenye tangazo, watu wanapiga, wanauliza bei, wengine wanafika mpaka getini, afu wanapotea moja kwa moja, sasa je upake rangi nyumba nzima au ushushe kutoka milioni 120 mpaka 95. Na mwisho ukaandika "au labda mama nyumba imezeeka tu." Haijazeeka baba. Usishushe kitu kwanza. Dada yako kanifungulia hilo tangazo kwenye simu yake kubwa tukakaa nalo barazani picha kwa picha, neno kwa neno, mpaka uji ukaungua.

Umeandika hivi: "Nyumba inauzwa Kimara, ina kila kitu, dokumenti zipo, bei maongezi, walio siriasi tu." Basi. Yaani nyumba tuliyojenga miaka tisa, tofali kwa tofali, umeimaliza kwa mstari mmoja, na kwenye huo mstari mmoja umemfukuza mteja mara nne.

Kwanza Kimara ipi? Kuna Korogwe, kuna Baruti, kuna Bucha, Stop Over, Temboni, Suka, na mtu wa Dar akisikia Kimara na barabara ya Morogoro kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni ile X nyekundu. Umesahau 2017? Bomoabomoa ilianzia Kimara ikaenda mpaka Kiluvya, mita 121.5 kila upande wa barabara, watu wakalala nje na makabati yao. Wewe ulikuwa unapita pale kila siku. Sasa huyu mwenye milioni mia moja yake aliyoikusanya sijui miaka mingapi anaona neno Kimara peke yake, halioni neno lingine la kumtoa wasiwasi, unadhani atakuuliza? Hakuulizi, anakata simu anatafuta Goba. Andika Temboni, andika kutoka lami mpaka getini ni dakika ngapi kwa bodaboda, andika iko mbali na hifadhi ya barabara na kiwanja kimepimwa, bikoni zile za mipaka zipo zote nne. Zipo, ile ya kona ya nyuma iko chini ya mgomba, ifukue ionekane. Na mwendokasi andika pia, kwamba ukishuka Kimara mwisho unabaki na kipande kidogo tu, maana tangu yale mabasi yaanze 2016 mtu anayefanya kazi Posta anapiga hesabu ya muda kabla ya hesabu ya vyumba.

Pili hiyo "dokumenti zipo". Mwanangu hata tapeli anaandika dokumenti zipo, tena yeye ndo huwa anaandika kwa herufi kubwa. Dokumenti gani? Kuna mwenye hati, kuna mwenye barua ya ofa tu, kuna mwenye leseni ya makazi, kuna mwenye karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa na shahidi mwenyewe ameshakufa. Sisi tuna hati. Afu kuna kitu umekificha sijui kwanini, labda uliona kitawatisha watu: kwamba baba yako ametangulia. Hicho ndo cha kuanza nacho! Mtu akija pale majirani wanamwambia mwenye nyumba alishafariki, yeye kwenye tangazo hakukiona, anajua hapa kuna kesi ya mirathi inakuja, kuna mke mdogo atajitokeza Singida na watoto wanne. Kumbe sisi tulikaa kikao cha ukoo, tukachukua cheti cha kifo RITA, tukaenda mahakama ya mwanzo nikateuliwa msimamizi, tukapeleka ardhi mpaka hati ikasoma jina langu kama msimamizi wa mirathi. Magoti yangu haya yameishia kwenye zile ngazi. Sasa kazi yote ile umeifungia kabatini. Andika "hati ipo, anauza msimamizi wa mirathi, warithi wote watatu wamesaini, ruksa kufanya upekuzi ardhi kabla hujalipa hata mia." Ila picha ya hati usiiweke kwenye tangazo, hata ukurasa mmoja, namba atapewa akija na tukamwona uso. Na kodi ya ardhi ya mwaka huu ilipe, risiti iwepo, na ile kodi ya TRA ya faida ya mauzo mjue mapema nani anailipa, msije mkaanza kuvutana siku ya kusaini.

"Bei maongezi" toa. Ukishaandika hivyo mtu anaanzia nusu. Na "walio siriasi tu" toa pia, unamgombeza mteja kabla hujamkaribisha, mi Karume miaka yote ile nimeuza mitumba sijawahi kumwambia mtu kama hununui usishike. Wanaoshika ndo wanaonunua.

Haya, picha. Ee Mungu wangu. Ya kwanza ni geti limefungwa. Ya pili sebule usiku, taa ile moja ya njano, na makochi yangu yote saba na vitambaa juu, meza tatu, friji mbovu, sebule inaonekana kama stoo ya mnada wakati kile chumba ulijifunzia baiskeli ndani kwa ndani mpaka ukavunja kioo cha kabati. Toa nusu ya vitu, peleka kwa mjomba wako. Fungua mapazia, piga saa nne asubuhi jua likiwa limeingia ndani, simama kwenye kona siyo mlangoni, simu ilaze, ishike usawa wa kifua, na ile kioo cha kamera kifute maana naona umetoka kula chips. Choo umekipiga na ndoo na kopo na brashi ya kusugulia, mwanangu nani anunue kopo? Toa vyote, kausha sakafu, piga marumaru tu. Picha ya baba yako pale ukutani iondoe kabla ya kupiga. Siyo kwamba naionea aibu, lakini mgeni akiiona anajihisi yuko nyumbani kwa watu, hakai akajiona yeye na kochi lake. Ukimaliza uirudishe palepale mpaka siku ya kukabidhi funguo.

Afu picha ambazo hukupiga kabisa ndo zenye hela. Tangi. Tuna simtenki la lita 5,000 juu ya mnara na kisima cha chini, umeviacha! Ule mgao wa 2022 maji ya Ruvu yalipopungua nani mtaani kwetu alikuwa hapangi foleni na madumu? Mtu aliyeishi Dar mwaka ule akiona tangi anaelewa bila maelezo. Na barabara. Swali la mnunuzi wa upande ule ni moja, gari linafika? Na masika je? Sasa hivi mvua zipo, chukua bodaboda, mwambie aende polepole, wewe shika simu upige video kutoka lami mpaka getini, na lile bonde la kwa fundi seremala lionekane, na lile karavati jipya lionekane gari dogo linapita juu yake. Usisubiri kukauke. Ukiweka picha ya barabara kavu kila mtu anajua umesubiri kukauke.

Ule ufa juu ya dirisha la chumba chenu. Naona umeupiga skimu na rangi mpya, ukuta mmoja mweupe pee, mingine mitatu imefubaa. Mwanangu anayenunua nyumba haji peke yake, anakuja na fundi, na fundi akiona ukuta mmoja mpya chumbani anaenda moja kwa moja kuugonga kwa kifundo cha kidole, na akishaukuta huo atatafuta mwingine hata kama haupo. Sema. Ufa upo, ni wa plasta, fundi wetu aliuangalia, ukitaka leta wako. Mi nikifungua belo nikikuta blauzi nzuri imekatika kifungo naianika mbele kifungo kikiwa kimekatika vilevile, namwambia mteja mama hii haina kifungo, kifungo mia mbili, ichukue. Inaondoka kabla ya zile nzima, kwasababu nimeshamwonyesha kasoro yake, haangaiki kuitafuta.

Wapangaji wa uani umeongea nao? Nakuuliza kwasababu najua hujaongea nao. Wewe unamleta mteja Jumamosi, unamzungusha, anatoka kwenda kusikiliza upepo, na pale uani kuna mtu anayejua nyumba ikiuzwa yeye anahama. Anaulizwa "vipi hapa maji?" Unadhani atajibu nini? Mi ningejibu hayatoki tangu Pasaka. Kaa nao, waambie wazi, wape muda kwa maandishi, na hela ya mwezi wa mwisho wasamehe. Hiyo nakuruhusu uitoe kwenye mauzo. Utashangaa sifa watakazoimwagia nyumba.

Na yule dalali wako anawatoza watu elfu 20 kuwapeleka saiti. Hukujua eeh? Mi niko Muheza kwenye machungwa nimejua, mama jirani kanipigia. Mwambie aache ama tumwache, kamisheni yake atapata tukiuza, mtu asilipe kiingilio kama mpira. Na simu ya kwenye tangazo iwe yako, na upokee, siyo "nipo kwenye kikao nitumie meseji."

Kuhusu bei yenyewe, 120 uliitoa wapi? Uliitoa kwa mtu aliyetangaza 120. Aliyetangaza siyo aliyeuza. Nenda kwa wale wawili waliohama mwaka jana, wewe ni mtoto wao watakwambia, waulize mkononi mlipokea ngapi, afu lipa mthamini aliyesajiliwa aje aangalie. Tukishajua ndo tuweke bei moja tusimame nayo. Ukitoka 120 ukaangukia 95 ghafla hivyo, wale wale walioona mwanzo hawasemi imekuwa rahisi, wanasema wamegundua nini.

Sasa nimebakiza picha namba tano, ile ya ukuta wa fensi kwa nje. Dada yako ndo aliiona akaanza kucheka, akaivuta ikawa kubwa, na mi nikacheka mpaka nikalia kidogo. Umepaka ukuta emalsheni mkono mmoja na maandishi ya baba yako yametokeza chini yake mekundu, yanasomeka kabisa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwanangu, miezi mitano unatangaza nyumba inauzwa na ukuta wenyewe unasema haiuzwi! Mtu wa Dar akiona maneno hayo ukutani anajua hapa matapeli walishapita, anageuza gari. Na kweli walipita, ulikuwa shule ya bweni, walimleta mtu na karatasi zao kumuonyesha nyumba yetu sisi tuko kanisani, baba yako alivyorudi hakula, alitoka na kopo la rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha akaandika mwenyewe kwa mkono wake, ile Z yake ya kugeukia nyuma.

Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, ndo maana inatokeza. Piga msasa mpaka wekundu utoke, weka prima, iache siku nzima, ndo upake, na upake ukuta wote siyo kiraka. Ila kabla hujagusa msasa, asubuhi jua likiwa linaupiga ukuta, nipigie picha yale maandishi, yote, isikatike hiyo Z. Hiyo nitumie mimi, kwenye tangazo usiiweke.

Ufunguo wa geti dogo uko kwa mama jirani, na huo mgomba ukiufukua chini usiukate, una mkungu.

Mama yako