Jibu: Babu Mwelisi aliyehamia Pennsylvania

Ndugu, umeuliza utajuaje babu yako Davies, mchimba makaa wa Scranton, mji wa Pennsylvania, Marekani, alitoka kijiji gani Wales. Tafadhali usianzie Wales. Akina Davies huko ni wengi mno, utapotea. Anza na sensa ya Marekani ya 1900: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, hata mwaka aliohamia. Kisha saka tanzia yake kwenye Y Drych, gazeti la Wawelisi wa Marekani lililoanza 1851. Tanzia za gazeti hilo mara nyingi zilitaja parokia ya Wales alikotoka marehemu, na hiyo ndiyo dhahabu yenyewe! Kama alifariki mwaka 1906 au baadaye, agiza pia cheti cha kifo cha Pennsylvania, uone jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa. Lilinganishe na cheti cha kuzaliwa cha Wales. Usajili wa vizazi huko ulianza Julai 1837.