Kamati ikija kukagua, nyinyi mna nini mkononi?

SWALI: Mzee, kwetu South B nyumba ni za orofa moja. Ploti ya jirani sasa imefika orofa ya saba na mafundi bado wanamwaga zege. Mwakilishi wadi anatuambia tungoje kamati ya mipango na nyumba ya bunge la kaunti ije kukagua. Je, itasimamisha ujenzi? – Mama watatu, Nairobi

JIBU: Haitasimamisha, dada. Nimeandika kumbukumbu za kamati kama hiyo miaka tisa, katika kaunti ambayo sitaitaja, na sijaiona ikisimamisha hata choo. Kibali cha ujenzi hutolewa na serikali ya gavana, si na bunge la kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayekipinga ana siku 14 tangu uamuzi kutolewa kukata rufaa kwenye kamati maalumu ya kaunti, kisha kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muone wakili wiki hii.

Kazi ya wawakilishi wadi ni kuuliza, na Kifungu 195 cha Katiba kinawapa nguvu za Mahakama Kuu kuita mtu na kudai hati. Wengi hawazitumii. Huvaa kofia za njano, hupigwa picha, hunywa chai.

Lakini nakumbuka mama mmoja aliyekuja kwetu na daftari la watoto la mistari. Kila Ijumaa alikuwa amehesabu orofa na kuandika tarehe. Ubao wa mradi ulisema tano. Yeye alikuwa amefika nane. Mwakilishi mmoja, mtu mkimya, akamwambia afisa wa mipango: "Lete ramani yenye muhuri." Afisa akajibu iko ofisini. "Tutangoja." Tulingoja saa mbili, chai ikapoa. Ramani ilipokuja, ilikuwa ya orofa tano. Jengo likaishia pale nane, ingawa zile tatu za ziada zina wapangaji hadi leo.

Basi pelekeni ombi la maandishi kwa karani wa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Msiandike kurasa kumi za malalamiko. Ombeni kamati idai ramani iliyoidhinishwa, basi. Siku ya kikao nendeni mkaketi ndani, kwa kuwa Kifungu 196 kinataka vikao vya kamati viwe wazi kwa umma.

Na ule ubao wa mradi, upige picha leo kabla haujang'olewa.