Kwa nini wahadhiri huzikwepa kozi za jumla

Mleta mada kauliza mbona mhadhiri wake wa kozi ya jumla, ile ya lazima kwa wanafunzi wa fani zote, anaingia darasani kama aliyetumwa, anasoma slaidi na kuondoka. Mkuu, mimi nimekuwa huyo mhadhiri kwa mihula sita. Ngoja nikupe picha ya upande wa pili wa kipaza sauti.

Kwanza, hakuna anayeomba kuzifundisha. Ratiba ikitoka, wakubwa wa idara wanachukua kozi za mwaka wa mwisho, zenye wanafunzi ishirini wa fani yao. Zinazobaki anatupiwa aliyeajiriwa juzi. Nilikabidhiwa ukumbi wa watu mia sita, na safu za nyuma walikuwa wanafanya zoezi la hesabu la kozi nyingine. Sikuwalaumu. Hata wenzangu walikuwa wakiniambia waziwazi, "Hizo kozi zako zinakula saa zetu." Na ukienda kuomba kupanda cheo, zinazohesabiwa ni makala ulizochapisha, lile rundo la karatasi mia sita ulilosahihisha usiku kucha halina safu kwenye fomu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hatulisemi: tunaogopa. Mtu kakaa miaka minne ya shahada ya uzamivu (PhD) akichimba kitu kimoja chembamba, leo anaambiwa aongoze mjadala wa maadili, takwimu na historia mbele ya vijana wa fani kumi. Bora kusoma slaidi.

Kilichonibadilisha ni grafu moja. Niliwaonyesha nguzo mbili za mauzo, 92 na 96, lakini mhimili wa wima nikauanzishia 88. Nguzo ya pili ikaonekana ndefu maradufu. Wa biashara wakajibu haraka: mauzo yameongezeka mara mbili. Binti mmoja wa fasihi akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona haikuanzia sifuri?" Ongezeko lenyewe ni asilimia nne na kitu. Ukumbi ukanyamaza, na wale wa safu za nyuma wakainua vichwa. Siku ile sikugusa slaidi tena.

Kwa hiyo siafikiani na waliosema hapo juu kwamba kozi zenyewe hazina maana. Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walianzisha kozi yao ya ustaarabu wa kisasa mwaka 1919, muda mfupi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo wanaifundisha kwa vikundi vidogo vya majadiliano. Ukichukua kozi ya kujadiliana ukaimwaga kwenye ukumbi wa mia sita, umebaki na jina tu.

Muhula wa mwisho nilipewa wasaidizi wanne, tukaligawa darasa kwenye semina. Bado watu ni wengi, bado hailipi kwenye cheo, lakini angalau nilianza kujua majina. Huyo mhadhiri wako mfuate ofisini na swali moja zito la kozi yake. Inawezekana hajawahi kuulizwa kitu zaidi ya "mtihani unatoka sura zipi?"