Kampala mpaka Arua na watoto watatu: wape kazi, simu iache kwenye begi

Shule zinafungwa na najua wengi wenu mnajipanga kupeleka watoto kwa bibi, kwa hiyo wazazi wenzangu acha niseme ile nimejifunza kwenye hii barabara ya Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ni karibu kilomita 500, masaa 8 hivi kama Mungu amejalia na basi halijaharibika njiani, na mimi huwa na watatu: mkubwa ana miaka 7, wa kati 4, na mdogo bado ananyonya.

Safari ya kwanza niliitegemea simu. Nilijaza katuni usiku kucha, nikabeba na pawa benki. Sasa kabla hata ya Nakasongola yule wa kati kainamia skrini na basi linaruka ruka, mara akanyamaza, midomo ikawa myeupe, nikajua kitu kinakuja lakini kavera (mfuko wa plastiki) iko kwenye begi huko juu, akatapika kwenye gauni langu na kwenye viatu vya mzee tuliyekaa naye. Yule mzee alitoa leso yake akasema tu, "Pole mama, watoto ni watoto," mpaka leo namuombea dua. Alafu simu ikazima na mkubwa naye akaanza kulia, na hata nusu ya njia hatujafika.

Baadaye ndio nikaelewa. Mtoto akikodolea kitu mkononi macho yanaambia ubongo tumetulia, lakini masikio kwa ndani yanasikia mwili unayumba, huo mgongano ndio unageuza tumbo. Akiangalia nje, mbali, mbele, anapata nafuu. Kwa hiyo nikaanza kujiuliza nifanye nini ili watake wenyewe kuangalia nje, na jibu nililopata ni moja, mtoto anataka kazi. Ukimwambia "tulia" unampa adhabu, ukimwambia "nihesabie" unampa cheo.

Siku hizi kila mmoja anapanda basi na kazi yake. Mkubwa ni mtunza tiketi na ndiye anatangaza miji, nimemuandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: Bombo, Wobulenzi, Luweero, Migyera, Kigumba, Karuma, Pakwach, Nebbi, Arua. Akiona kibao anasoma kwa sauti na anakata jina kwa penseli, anakata halafu anarudisha macho dirishani, hainami muda mrefu. Wa kati anahesabu. Ng'ombe mpaka Karuma, kutoka hapo nyani.

Na vitendawili jamani, tusiviache vife. Tukitoka tu Bombo nasema "Kitendawili!" wanajibu "Tega!" nawapa "Kuku wangu katagia miibani." Siwapi jibu, hata waombe vipi. Wanabuni weee, mara kunguru, mara njiwa, mpaka tunaingia Luweero penye yale mananasi yamepangwa marundo marundo kando ya barabara, mara ya mwisho wa kati akashika kioo kwa mikono miwili akapiga kelele "NANASI! Mama ni nanasi!" basi zima likageuka, na mama mmoja nyuma yetu akatoa kitendawili chake, tukaendelea nao hivo mpaka tumepita Luweero yote. Hiyo ilikuwa karibu saa nzima na sikutumia hata shilingi.

Huyu mdogo hahesabu kitu. Kwake nachukua leso kubwa nafunga mafundo matano sita, kila fundo nimeficha kipande cha biskuti laini. Vidole vyake vinahangaika na fundo moja hata dakika kumi, anavuta, anauma, anavuta tena, likifunguka anacheka mpaka anasahau kula. Karanga usimpe mtoto mdogo kwenye basi, breki moja tu inatosha kumpaliza.

Chakula, asubuhi nawapa kitu chepesi, mkate mkavu au ndizi. Rolex, ile chapati ya mayai yenye mafuta, subiri mfike. Migyera wauzaji wakikimbilia madirishani na nyama choma na gonja (ndizi tamu za kuchoma) namkabidhi mkubwa pesa anunue gonja mwenyewe na anihesabie chenji. Kavera tatu ziko mfukoni mwangu, SIO kwenye begi.

Haja ndogo ilinitesa. Kuna basi moja kondakta alikataa kusimama, mwanangu akajikojolea mbele za watu na akalia kwa aibu, iliniuma sana. Tangu siku hiyo naongea na dereva mwenyewe kabla sijalipa, kama atasimama mtoto akibanwa, akisita natafuta basi lingine.

Karuma waamshe hata kama wamelala. Waonyeshe yale maji meupe, waambie huu ndio Nile, na kuna mitambo ya umeme ya megawati 600 imejengwa chini ya ardhi hapo karibu. Nyani wahesabiwe tu, ndizi zisirushwe, chakula cha madirishani ndicho kinawaleta barabarani wakagongwa. Alafu Pakwach wanavuka mto ule ule mara ya pili, mwulize mtoto mto umefikaje huku, mwache afikirie kwanza, ndio umwambie umezunguka mpaka ziwa Albert ukatokea. Macho yawe wazi, ukibahatika kabla ya Pakwach unaona ndovu.

Ile simu naitoa Nebbi, hapo wamechoka kweli na mchezo wowote hauwasaidii tena. Napigia bibi yao, naweka spika, kila mtu anatoa ripoti ya kazi yake. Safari iliyopita wa kati alimwambia nyani ni 31, bibi akauliza, "Na yule wa 32 umemwacha wapi?" akageuka kuangalia barabara tuliyotoka, akabaki anaangalia hivo mpaka tukaona taa za Arua.