Kwa matabibu wapya Pemba: kabla hamjaandika "aleji" kwenye kadi

Wadogo zangu, mkianza kazi vituoni mtaona kwamba mgonjwa wa mzio haji kuuliza ana nini. Anakuja na jibu lake. "Daktari, mie nina aleji ya samaki." "Huyu mtoto ana aleji ya vumbi." Bibi aliyemleta mjukuu atakutajieni hadi dawa anayoitaka. Msimkatalie, wala msikimbilie kuandika. Mpeni kiti, mumuulize. Katika maradhi haya mazungumzo ya robo saa yanafichua mengi kuliko karatasi ya maabara, na kipimo kikifanywa baadae kiwe kinajibu swali mlilokwisha kuwa nalo. Mgonjwa wa huku akiandikiwa rufaa, ni nauli ya boti, mtu wa kumsindikiza na pahala pa kulala. Msimvushe bahari kwa kubahatisha.

Maswali yenyewe si mageni: amekula au amegusa nini, baada ya muda gani hali ikaanza, ilianzia wapi mwilini, ilidumu kiasi gani, alikuwa amemeza dawa gani. Na hili ambalo wengi hulisahau: tangu siku ile, ameshakila tena kitu hicho? Aliyevimba midomo mwaka jana kwa kamba, kisha mwezi uliopita akawala harusini na kurudi kwao salama, basi kamba si mshitakiwa wetu.

Mzio wa haraka wa chakula, unaoletwa na kingamwili za IgE, kwa kawaida hutokea ndani ya dakika chache hadi saa 2. Mtu akikwambieni alikula pweza Ijumaa akaamka na vipele Jumapili, tafuteni kwengine. Na yule ambaye mabaka ya kuwasha yanamtoka na kupotea karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6, ni nadra sana chakula kuwa ndiyo sababu. Msimfungie jiko lake.

Chakula kifumueni. "Nilikula urojo" si jibu, maana bakuli moja la urojo lina unga wa ngano, bajia, chatne ya nazi, viazi, pengine yai na mishkaki, na ukali wa embe mbichi au ukwaju. Kijana mmoja aliniapia kwamba kinachomdhuru ni nazi, na kwao wali wa nazi hupikwa kila siku naye anaula. Tukalipitia bakuli kitu kimoja kimoja, hadi kikabaki unga wa dengu wa kwenye bajia. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hata kachori za futari, ambazo huchovywa kwenye unga huo huo, zilishamvimbisha midomo. Sasa tulikuwa na kitu cha kupima.

Halafu kuna jodari. Yeye na jamaa zake, nguru na vibua, wakikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini iliyomo katika nyama yao ikawa histamini. Mlaji, mara nyingi kabla hata ya saa moja kupita, uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio na mabaka humtoka. Ukimtazama utaapa ni mzio, na dawa za mzio humpa nafuu kweli kwa sababu histamini ni ile ile ambayo mwili huimwaga wenyewe wakati wa mzio. Lakini hiyo ni sumu ya chakula, na haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Ulizeni: nani mwengine amemla samaki yule? Wakiwa watu watatu wa sinia moja wameugua pamoja, fuatilieni samaki alinunuliwa saa ngapi na alikaa wapi. Ukimwandikia mtu huyu "mzio wa samaki", umemnyima kitoweo maisha yake yote kwa kosa la barafu.

Hata pale mzio ulipo wa kweli, msiandike "samaki" kwa kila kilichotoka baharini. Kamba, kaa, pweza na ngisi hudhuru zaidi kwa protini iitwayo tropomayosini. Changu na jodari wana protini nyengine, pavalbumini, kwa hiyo mwenye mzio wa kamba mara nyingi anakula changu bila tabu. Tropomayosini inayofanana na ya kamba imo pia ndani ya mende na ndani ya utitiri wa vumbi la godoro. Ndiyo maana mtu wa pumu inayoletwa na vumbi anaweza kupimwa akaonekana "chanya" kwa kamba, ilhali anawala siku zote.

Hapa tunaingia kwenye kipimo cha kuchoma ngozi, ambacho nakieleza kwa urefu kwa sababu husomwa vibaya mno. Upande wa ndani wa mkono huwekwa alama za kalamu, kisha matone ya vichochezi vinavyoshukiwa, yakipishana angalau sentimita 2. Kila tone huchomwa kijuujuu kwa ncha safi, bila kutoa damu. Pamoja nayo huwekwa matone mawili ya kulinganishia: la histamini, ambalo lazima livimbe, na la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba. Baada ya dakika 15 hadi 20 unapima uvimbe kwa rula, na uliozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa chanya. Histamini isipovimba, simamisheni kila kitu na mumuulize tena mgonjwa kuhusu dawa. Mara nyingi amemeza dawa ya mzio kama setirizini au Piriton, au dawa ya mafua ya dukani ambayo haihesabu kuwa ni dawa. Hizo huachwa kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kipimo.

Vitabu vingi vitakwambieni mtazame wekundu. Kwenye ngozi zetu mtautafuta hadi magharibi. Wekeni taa kwa ubavuni, pitisheni kidole taratibu mpaka muusikie ukingo wa uvimbe, uzungushieni kalamu, ndipo mpime. Mwenye ukurutu uliotapakaa mikononi na mgongoni, au mwenye pumu isiyotulia, hachomwi. Aliyenusurika juzi tu na mshituko wa mzio naye husubiri wiki 4 hadi 6, la sivyo kipimo kinaweza kumdanganya.

Na chanya maana yake ni kwamba mwili unakitambua kitu kile. Haimaanishi kwamba kinamdhuru. Hukumu hiyo inatoka kwenye maelezo mliyoyachukua mwanzo.

Damu hupimwa IgE ya kitu maalumu, na huwafaa wale ambao ngozi yao haichomeki au hawawezi kuacha dawa. IgE ya jumla isikushughulisheni. Minyoo huipandisha, na kichocho pia, na vyote viwili visiwa hivi vinavijua. Ama mashine za kushika mkononi zinazodaiwa kusoma aleji zote kwa mpigo, na kile kipimo cha IgG za vyakula, ambazo ni kingamwili za aina nyengine, mwambieni mgonjwa pesa yake aende nayo sokoni.

Mzio wa kugusa ni mlango mwengine kabisa. Biharusi amepakwa piko jeusi Alkhamisi, na Jumamosi maua yote ya mkononi yamefura malengelenge, mstari kwa mstari, hadi vijani. Piko hilo hutengenezwa kwa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Mzio huu hauletwi na IgE, kwa hiyo kuchoma ngozi na kupima damu hakutaonesha kitu. Kipimo chake ni cha kubandika: vichochezi hubandikwa mgongoni, vikabanduliwa baada ya saa 48, kisha ngozi husomwa siku hiyo na tena baada ya siku moja au mbili. Mgongo usirowe muda wote huo, jambo ambalo kwa joto la kaskazi ni mtihani peke yake. Lakini kwa biharusi huyu mchoro umeshasema. Mwambieni asiguse tena piko jeusi, na akija kuota mvi asipake rangi nyeusi ya nywele, kwani yaweza kumvimbisha uso mzima. Hina ya majani matupu kwa kawaida haina neno.

Kipimo chenye kauli ya mwisho kwa chakula ni kumlisha mgonjwa kidogo kidogo huku mkimwangalia. Hufanywa hospitali tu, adrenalini ikiwa imeshavutwa na watu wanaojua kuitumia wapo. Dozi ya adrenalini ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja. Mzazi ambaye mwanawe alishabanwa pumzi asiambiwe kamwe "jaribu nyumbani kidogo."

Zimebaki dawa. Wengi wenye "aleji ya salfa" ukiwadodosa ni kichefuchefu cha Septrin, dawa yenye salfa, au ni mama yao ndiye aliyedhurika. Lakini aliyebabuka ngozi na kutoka vidonda mdomoni na machoni, huyo hapewi tena dawa ile wala hajaribiwi kwa namna yoyote. Kwa hiyo kwenye kadi msiandike neno moja. Andikeni hivi: "Amoksilini, Machi 2024, siku ya 5 ya dozi, vipele visivyowasha, alikuwa na homa na mafua, hakuvimba, hakubanwa pumzi, ameeleza mama yake." Atakayeipokea kadi hiyo usiku katika hospitali ya Mkoani au ya Mnazi Mmoja kule Unguja, na mgonjwa hawezi kusema, atakuwa na cha kuamulia.