Usifungue geti la kutokea: niliyojifunza kwenye viwanja vya pembea siku za Idd

Usiku wa Idd pili, mwaka wangu wa kwanza kusimamia geti, nilifanya jambo nililoliona la busara. Watu walikuwa wamejazana mlango wa kuingilia mpaka nguzo ya chuma ikaanza kulia. Mbele akinamama wanapiga kelele, "Tunaumia jamani!" Nyuma vijana hawaoni kitu, wanazidi kusukuma. Nikamwita kijana wangu, nikamwambia, "Fungua geti la kutokea, nusu yao wapite huko."

Akafungua. Na ndio kwanza wale wa ndani, waliokwisha panda pembea na kula askrimu zao, walikuwa wanatoka.

Mikondo miwili ikakutana kwenye njia ya upana wa hatua nne. Nilimwona bibi mmoja kamnyanyua mjukuu wake juu ya kichwa, mikono yote miwili, kama mtu anayevuka mto. Alikaa hivyo kwa muda ambao mpaka leo nikikumbuka naona mrefu. Mungu alitustiri, hakuvunjika mtu. Palipotulia nikaanza kuokota viatu: ndara, makobazi, na kimoja cha mtoto, kile chenye vitaa kwenye kisigino. Nilipokiinua kikawa bado kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

Kiwanja chenyewe, hapa Unguja, sitokitaja, wala hapana haja. Ninaandika haya kwa sababu kila mwaka Ramadhani ikifika kumi la mwisho, vijana huitwa, wakapewa filimbi na kizibao cha njano, wakaambiwa, "Simama hapa, zuia watu." Basi. Hakuna anayewaambia wazuie vipi. Anayepewa filimbi mwaka huu na asome.

Kwanza, ondoa macho kwenye geti. Geti ni mahali pa mwisho ambapo shida huonekana, si mahali inapoanzia. Inaanzia barabarani, pale gari ya abiria inaposhusha watu ishirini kwa mkupuo, nyuma yake baba kasimamisha gari yake ndogo anawavisha watoto viatu, na bodaboda tatu zimeingia katikati. Mwaka wa pili tulikwenda kuzungumza na madereva siku tatu kabla ya sikukuu, tukawaomba wasishushie getini. Tukawapa mahali pao, hatua kama mia mbili kabla. Tulichokosea ni kuchagua upande. Pahali palikuwa pazuri, pana kivuli, lakini ng'ambo ya barabara. Kwetu gari hupita kushoto na mlango wa abiria uko kushoto, kwa hiyo mtoto alishukia salama ukingoni, kisha akakata barabara mbio kuelekea kwenye taa na muziki. Ukichagua pa kushushia, chagua upande ule ule wa kiwanja, hata kama gari italazimika kwenda kugeuza mbele. Dereva atanung'unika. Mwache anung'unike.

Bodaboda nao usiwafukuze, watarudi tu. Mtafute mkubwa wao wa kituo, mpe kamba na sehemu, mwambie foleni yake aipange mwenyewe. Hakuna askari atakayewapanga bodaboda kama mwenzao anavyowapanga.

Jambo jingine la barabarani: acha njia moja ya gari ya wagonjwa na zimamoto, mita nne, na isiwe na kitu. Si vespa "ya dakika moja", si meza ya ubuyu. Njia hiyo ndiyo itakayoliwa kwanza, kwa sababu iko tupu na kila mtu anaiona iko tupu. Weka mtu mzima mmoja pale, mwenye sauti, asiwe na kazi nyingine usiku kucha.

Sasa hesabu, na hapa naomba uvumilivu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kiwanja kina watu wake, kama boti ilivyo na abiria wake. Tulichukua kamba tukapima sehemu ya wazi. Si kiwanja chote, ila kile kinachobaki ukishatoa pembea, vibanda, maua na jenereta. Kwetu ilitoka kama mita za mraba 1,500. Tukakubaliana watu wawili kwa kila mita, maana watoto wanakimbia, hawasimami kama wako kwenye hotuba. Hiyo ni 3,000. Msongamano ukifika watu watano au sita kwa mita moja ya mraba, mtu hatembei tena kwa hiari yake, anabebwa na wenzake, na hapo filimbi yako haina maana.

Halafu mlango. Kwenye viwanja vya mpira vya Uingereza mwongozo wao wa usalama hauhesabu zaidi ya watu 660 kwa saa kwa kila mlango mmoja wa kuingilia. Sisi tulikuwa na milango miwili. Yaani tukifanya kazi vizuri kama wao, watu 1,320 kwa saa, na kuwaingiza 3,000 ni zaidi ya saa mbili. Na hatukuwa tukifanya kazi kama wao. Nilisimama na simu nikapima: mama mmoja, watoto wanne, noti ya elfu kumi, muuza tiketi hana chenji, anamtuma mtu kwa muuza juisi. Dakika mbili na nusu. Nyuma yao foleni imeshafika barabarani.

Kwa hiyo tulihamisha tiketi. Kibanda kikaenda hatua sitini kabla ya geti, na cha pili upande wa pili, na mchana tukawa tunauza tiketi za usiku. Getini ikabaki kazi moja tu, kuchana. Chenji ya noti ndogo tuliitafuta wiki nzima kabla. Unacheka, lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kunisaidia usiku wa Idd, baina ya askari watano na gunia la chenji, ningechukua gunia.

Tiketi ziwe na rangi kwa kila usiku na zihesabiwe kwa vitabu vya mia mia. Anayechana anaweka vipande kwenye ndoo, na wa mlango wa kutokea anabonyeza kidude cha kuhesabia, kile kile wanachosomea watu nyuradi. Walioingia toa waliotoka, kila nusu saa. Ikifika 2,700 unasimamisha mauzo kule kwenye vibanda, si getini. Ukimzuia mtu getini na tiketi mkononi umemdhulumu, naye ana haki ya kukasirika. Ukimwambia kabla hajatoa pesa, "Ami, ndani pamejaa, rudi baada ya Isha," ataguna, atakwenda bustani ya Forodhani kule pwani, atarudi.

Nirudi kwenye geti la kutokea, maana ndilo linaloniamsha usiku. Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Hillsborough, kiwanja cha mpira kule Sheffield, Uingereza, Aprili 1989. Nje ya kiwanja watu walibanana, askari wakaamuru geti la kutokea lifunguliwe ili kupunguza shinikizo. Umati ukaingia moja kwa moja kwenye njia iliyoelekea jukwaa ambalo tayari limejaa, na hakuna aliyesimama kuwageuza. Walikufa 97. Nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Lilikuwa wazo langu mimi, neno kwa neno.

Wala tusiende mbali. Tabora, Oktoba mosi 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko toto uliojazwa kupita kiasi. Ndiyo maana kila sikukuu ikikaribia mnasikia polisi wakipiga marufuku disko toto. Wapo wanaoona ni kuwanyima watoto raha. Hao hawajaokota kiatu kinachowaka.

Kanuni yetu sasa ni hii: geti la kutokea halipokei mtu anayeingia, awe nani. Na mabawa yake yote mawili yako wazi tangu saa ya kufungua, bila ya kufuli. Mwongozo ule ule wa Uingereza unakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, mahali tambarare. Geti letu ni mita tatu, kwa hiyo 3,000 hutoka kwa dakika kama kumi na mbili. Bawa moja likifungwa "ili wasiingie wa bure", inakuwa ishirini na nne, na hiyo ni kwa watu wazima wanaotembea, si kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayelilia puto lake.

Hilo la "awe nani" lina kisa. Mwaka fulani alikuja mkubwa mmoja na gari na familia yake, akataka kupitia kwenye kutokea kwa sababu kule mbele kuna foleni. Kijana wangu akakataa kwa adabu. Nikapigiwa simu, nikalegea, nikasema mwacheni apite. Gari moja ile ilifuatwa na mbili, kisha watu wa miguu wakauliza kwa nini wao wasipite. Saa nzima ilipotea kulifunga tena. Siku hizi wakubwa tunawatafutia mtu wa kuwapokea kule kwenye kibanda cha tiketi na kuwasindikiza kwa miguu. Wengi wanafurahi zaidi, wanapata kusalimiwa njiani. Mlango mdogo wa pembeni tumewaachia wenye viti vya magurudumu, wazee na wenye watoto wachanga, na huo ndio upendeleo pekee uliobaki.

Mvua. Miaka hii ya karibuni Idd el Fitr imeangukia masika: 2024 ilikuwa Aprili 10, 2025 Machi 31. Mvua ikishuka ghafla watu wanakimbilia palipo na paa, na kwetu paa pekee kubwa lilikuwa juu ya geti. Fikiria: unataka watu watoke, na pa kutokea ndipo wanapojificha. Tulilikata paa lile. Mwenye kiwanja alikasirika mpaka alipoona. Tukajenga banda la makuti upande wa ndani kabisa, mbali na geti, na sasa mvua ikinyesha watu hukimbilia huko.

Umeme ni hivyo hivyo. Aliyekuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme, hahitaji kuelezwa giza ni nini. Jenereta yetu huchukua kama dakika moja kushika, na dakika hiyo gizani mtoto mmoja akipiga ukelele wote wanakimbia. Taa mbili za betri juu ya geti la kutokea, ziwake zenyewe umeme ukikatika, na kipaza sauti cha mkononi ambacho hakitegemei waya. Sauti iwe ya mtu wanayemjua. Sisi tunamtumia mwalimu wa skuli wa mtaani, akisema "Kaeni chini, watoto," wanakaa chini, na baba zao pia, maana aliwafundisha.

Watoto wanaopotea: tuna meza karibu na mlango wa kuingilia, kalamu ya wino, na mwanamke mwenye subira. Kila mtoto anayeingia anaandikiwa namba ya simu ya mzazi mkononi, upande wa ndani. Kabla ya hapo tulikuwa tunauliza. "Mama yako anaitwa nani?" "Mama." "Mnakaa wapi?" "Nyumbani." "Nyumbani kuna nini jirani?" "Mbuzi." Nusu ya Unguja ina jirani mwenye mbuzi.

Wenye ubuyu, achari na mabofu ya sabuni huwezi kuwaondoa na si vizuri kuwaondoa. Wasogeze tu hatua thelathini kutoka geti, tena upande wa wanaotoka. Mtoto akiona puto kabla ya kuingia, husimama. Na akisimama yeye wanasimama watu mia.

Mahali pasipo geti, kama Forodhani, hesabu hizi hazifui dafu. Kule unaangalia kinachowavuta watu. Jioni ni makachu: vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, na watazamaji wanajipanga ukingoni kabisa, simu juu, nyuma wanasukuma. Unachoweza ni kuweka kamba hatua tano kutoka ukuta, na wapiga mbizi wenyewe wawe ndio walinzi wa kamba. Wao wanasikilizwa kuliko sisi.

Ratiba ya vijana iandike mara mbili, moja mwezi ukiandama leo na moja ukiandama kesho, na ujue kwamba wapo watakaokuwa wameshasali Idd siku moja kabla na watoto wao watakuja siku hiyo. Walipe kila usiku, mkononi, kabla hawajaondoka. Ukiwaambia "mpaka Idd nne", Idd tatu utasimama peke yako. Na chakula kiwe cha kushiba. Sisi, asubuhi ya siku ya tano, kabla mafundi hawajaanza kufungua nati za pembea, tunawafungulia wao. Wanakuja na watoto wao, ambao siku nne zote hawakutoka kwa sababu baba yuko kazini. Hakuna tiketi, hakuna foleni, na geti la kutokea ndilo wanaloingilia.